Pointi ni Fifi

Vijana mtakaosoma karatasi hii, kaeni kwanza. Msisome mmesimama kama mnangoja basi. Nimeandika kwa mkono wangu, na mkono huu ulijifunza kuandika ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, kwa hiyo herufi nyingine zimelala. Mtazinyoosha wenyewe.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama hapa kanisani ameniomba nitoe ushuhuda mbele ya wazazi, kwa kuwa mwaka huu kaya nyingi zina watoto wanaongoja matokeo ya kidato cha nne na cha sita. Nikamwambia mimi si wa kusema huku nalia. Akasema, "Mayu, sema unavyosema siku zote." Mayu ni mama, kwa wageni mliopo. Basi nasema ninavyosema. Jina la mtu sitalitaja. Wanaojijua wamekaa benchi la tatu, na wasiiname, sijawaita.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja na malori yao huku kwetu, upande wa Dutwa. Kabla ya hapo pamba tulipeleka ushirika, na karani wa ushirika alikuwa na macho. Pamba ilipaswa kufika imechambuliwa, safi peke yake na fifi peke yake. Safi ni ile nyeupe. Fifi ni ile iliyonyeshewa, yenye madoa, yenye majani, iliyotobolewa na mdudu. Karani akikuta fifi imejificha ndani ya safi, anakumwagia gunia lote chini, watu wanatazama. Hao wapya hawakujali. Walichukua yote pamoja, wakapima, wakaondoka. Majirani wakaacha kuchambua. Mimi sikuacha, na walinicheka sana. "Mayu, siku hizi unamchambulia nani?" Nikawajibu najichambulia mwenyewe. Hilo la fifi lishikeni, nitalirudia.

Nilikuwa na mjukuu wa kike. Baba yake ni mwanangu wa kwanza, alifariki binti akiwa bado anatambaa. Mama yake akaolewa kwingine. Nikamlea mimi. Alipofika sekondari ndipo tulipoanza kuambiwa wazazi tuchangie shule, nikaongeza shamba la pili. Sisemi hivyo ili mnisifu. Kila mtu hapa analima. Nasema ili mjue nilikuwa nangoja kitu.

Akamaliza kidato cha sita kwenye shule ya bweni, mkoa mwingine, akarudi nyumbani kuvuna pamba na sisi. Kijijini kwetu waliofika kidato cha sita mwaka ule walikuwa wawili tu, yeye na kijana wa jirani yangu. Matokeo yalipotoka walipanda basi pamoja kwenda Bariadi mjini kuyatazama kwenye ubao wa ofisi ya elimu. Mchana wakarudi.

Mimi nilikuwa uani. Binti akaja akasimama mbele yangu, miguu imejaa vumbi. Kigoda kilikuwapo, nilikuwa nimeegemeza ungo juu yake. Sikuuondoa. Sikumwambia kaa. Nikamuuliza, "Umepata ngapi?"

"Tano, Bibi."

"Tano nini?"

"Pointi tano."

"Na mwenzio?"

Akasita. "Kumi na nane."

Ndugu zangu, mimi nimekua nikihesabu magunia na ng'ombe. Katika vitu vyote nilivyowahi kuhesabu, kumi na nane inaishinda tano. Nikamtazama toka juu mpaka chini. Akasema polepole, "Bibi, kule chache ndizo nzuri."

Nikamwambia, "Hizo ni hesabu za wavivu. Umemwona nani akavuna kidogo akashangilia?"

Kwetu binti hajibizani na bibi yake mara ya pili. Nilimfundisha mwenyewe hivyo, na nilimfundisha vizuri mno.

Yule jirani naye alisikia kumi na nane. Ni mzee wa makamo yangu na shule hakupita kabisa. Akachinja mbuzi. Akaita kijiji kizima, na mimi nikaenda, kwa sababu kutokwenda kungeonekana ni wivu. Akanipokea kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Mayu, karibu! Nasikia wa kwako kaleta tano. Si mbaya, zinajaa mkono mmoja!"

Watu wakacheka. Mjukuu wangu alikuwa nyuma yangu amebeba sufuria. Na mimi, badala ya kumsitiri, nikawaambia watu wote, "Huyu amekwama. Sasa aolewe, ijulikane moja." Nilisema hivyo kwa mdomo huu. Kijana aliyechinjiwa mbuzi alikaa katikati ya wazee, kipande cha nyama mkononi, mpaka mafuta yakaganda. Nilimwona. Nikadhani anaringa.

Neno nililolisema pale halikulala. Mwanangu wa pili, ambaye ni baba mdogo wa binti, alikuwa na rafiki wa mnadani anayetoka Mwandoya, na rafiki huyo alikuwa na kijana wa kuoa. Haikupita wiki wageni wakaja kuuliza. Watu wazuri tu, sina la kuwasema. Nikawapa jibu la kukubali, wakapanga siku ya kurudi na ng'ombe.

Kulikuwa na karatasi moja kati yetu. Ni fomu ya kuomba chuo kikuu, aliyokuja nayo binti, na ilitakiwa ifike Dar es Salaam kabla ya mwezi kwisha. Ilikuwa na mahali pa mlezi kuweka sahihi. Aliniletea siku ile ile ya matokeo. Niliikunja, nikaisukuma chini ya magunia ya mahindi, nikamwambia chuo kikuu si mahali pa kupeleka tano. Hakulia. Asubuhi aliamka akaenda kuchota maji kama kawaida. Alifanya kazi zote. Ila aliacha kuongea na mimi isipokuwa kuitika.

Zilibaki siku tatu wageni warudi. Asubuhi tulikaa kwenye turubai tunachambua pamba, yeye upande wake, mimi wangu. Rundo lake la safi lilimfika kiunoni. Fifi yake ilikuwa kama konzi mbili. Nikasema, na ndiyo sifa ya kwanza niliyompa tangu atoke mjini, "Leo umetumia macho. Fifi yako ni chache."

Mikono yake ikasimama.

"Bibi, fifi ikiwa chache ni vizuri?"

"Unaniuliza kitu ulichokijua toka utoto?"

"Naomba unijibu tu."

"Ni vizuri. Fifi chache, pamba safi. Endelea na kazi."

"Basi pointi ni fifi, Bibi."

Akainamia pamba yake, akaendelea. Hakuongeza. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea. Nikamwambia, "Rudia."

Akarudia, safari hii bila haraka. Somo ukilifanya vizuri kabisa wanakupa moja. Ukiharibu kidogo mbili, ukiharibu zaidi tatu, mpaka saba. Kisha wanajumlisha masomo matatu.

"Asiye na doa kabisa ana ngapi?"

"Tatu."

"Kwa hiyo wewe una madoa mawili. Katika gunia zima."

"Ndiyo, Bibi."

"Na wa jirani?"

Hapo akavuta pamba nyingine. Adabu ilimzuia. Nikapiga hesabu mwenyewe, na ndugu zangu nawaambia, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni yule mbuzi.

Sikusema samahani. Niliinuka nikaenda kuinua magunia ya mahindi. Fomu haikuwapo. Nikainua yote, nikafagia, nikakuta mchwa wamejenga njia yao pale pale nilipoiweka, na karatasi hakuna. Mimi si mtu wa kuogopa, lakini nilikaa chini kwenye vumbi. Miaka yote ile, shamba la kwanza na la pili, imeliwa na mchwa kwa sababu mimi sikuuliza maana ya namba.

Mkwe wangu, mke wa huyo mwanangu wa pili, alikuwa mlangoni. Ni mwanamke wa maneno machache, na mimi nilikuwa nimemwonea mara nyingi kwa huo uchache wa maneno. Akasema, "Mama, kama ni ile karatasi, niliitoa siku ya pili. Niliona mchwa." Alikuwa ameiweka ndani ya Biblia yake.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, Mama."

Tukaenda Dutwa siku hiyo hiyo kwa baiskeli. Aliyeendesha ni binti, mimi nimekaa nyuma kwenye kerea, watu njiani wanauliza kama naumwa. Tulikwenda kwa mwalimu wa shule ya msingi aliyemfundisha zamani. Nilitaka kusikia kwa mtu mzima, nisije nikakosea mara ya pili upande wa pili. Mwalimu akasoma matokeo ambayo binti aliyanakili ubaoni, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mayu, hii ni divisheni wani. Mmechinja nini?"

"Hatujachinja. Nilimtukana."

Akamtazama binti, akanitazama mimi, akaona aachane na habari hiyo. Akasema, "Mlezi ni nani?"

"Ni mimi."

"Kidole au kalamu?"

"Kalamu."

Nikaandika jina langu herufi moja moja. Walimu wawili waliokuwa wanaongea wakanyamaza wakangoja. Lilizidi kile kisanduku walichochora, likatoka nje kidogo. Mwalimu akasema haidhuru. Kesho yake binti alikwenda nayo posta Bariadi.

Haya ya kufurahisha yameishia hapo. Yaliyobaki nililipa mwenyewe.

Wageni wa Mwandoya walirudi siku waliyoahidi, na ng'ombe wao wamekaa barabarani. Niliwapa vigoda, wakala wakashiba, ndipo nikawaambia. Mkubwa wao akasema, "Mayu, wewe mwenyewe ulisema binti amekwama."

"Nilisema. Nilikosea namba."

"Ng'ombe warudi Mwandoya kwa sababu ya namba?"

"Warudi. Aliyekosea ni mimi, binti asiguswe."

Mwanangu alitoka akafunga mlango. Hakunisalimia msimu mzima wa kilimo. Alikuwa anapita uani kama anampita ng'ombe. Nilistahili nusu yake.

Kisha nikaenda kwa jirani. Nilikwenda nikijua akisikia atachukua fimbo, kwa hiyo nilikaa kwanza karibu na fimbo yake. Nikamweleza habari ya safi na fifi, kama nilivyoelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza:

"Na mbuzi je?"

"Mbuzi ameliwa."

"Kumbe ndiyo maana kijana hakula," akasema. "Mimi nilidhani nyama imekosa chumvi."

Akamwita kijana wake. Mimi nikaondoka, kwa sababu yaliyobaki yalikuwa yao. Ninachojua ni kwamba hakumpiga. Mwaka uliofuata yule kijana alikwenda kusomea mifugo, na leo ni bwana mifugo wilaya nyingine. Ng'ombe wa baba yake wanachanjwa bure, na mzee hulitaja jambo hilo kila harusi.

Barua ya chuo ilifika mvua za kwanza zimeanza. Safari hii mtoto alikaa. Alisoma mwenyewe mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti, na mimi sikufungua mdomo katikati. Akaenda. Akamaliza. Sasa anafundisha watu wazima wenzake huko aliko, na hilo si ushuhuda, ni kazi yake.

Samahani nilikuja kumwomba baadaye, siku ya kumsindikiza stendi, konda ameshapanga mizigo. Akaniambia, "Bibi, ulinifundisha kuchambua." Sikujua ananisamehe au ananisuta. Nadhani vyote viwili.

Nawashukuru walionishika mkono. Yule mwalimu wa Dutwa, amestaafu, aliyeninyooshea kalamu bila kunicheka. Jirani yangu, aliyesikia maneno machungu bila kuinuka. Na mkwe wangu, ambaye tangu siku ile namuuliza kila kitu, mpaka amechoka. Wabeja sana, kwetu ndivyo tunavyoshukuru.

Wazazi, ninalo moja tu la kuwaachia. Kosa langu halikuwa kutosoma. Wengi hapa hatukusoma. Kosa ni kwamba mtoto alinieleza kweli, na kweli ilipokuwa haifanani na gunia langu nikaiita uvivu. Mtoto anarudi kutoka mahali sisi hatujafika. Atasema mambo yanayosikika ya ajabu. Mwulizeni maana yake. Na akiwa kweli ameleta fifi tupu, bado ni wenu, msimchinjie mbuzi wala msimchukulie fimbo, kaeni naye mtafute njia nyingine.

Jioni ile niliyorudi kutoka Dutwa kwa baiskeli niliita kaya nzima uani, pamoja na mwanangu, aliyeanza kununa aliposikia ng'ombe watarudishwa. Nikaondoa ungo juu ya kigoda mwenyewe, nikakiweka katikati. Nikawaamuru hivi, na amri hiyo ipo mpaka leo, hata kwa wajukuu wa wajukuu:

"Katika kaya hii, mtoto akirudi na matokeo, mpeni kigoda kwanza. Mleteeni viazi vikavu vya michembe na maji. Asiwepo wa kuuliza ngapi. Nyamazeni wote mpaka amalize kueleza, na nikianza kusema mimi, niondoeni uani."