Risala ya Wanafunzi wa Nyarugina Kuhusu Radi, Ngoma na Jina la Penseli

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, Afisa Elimu wetu wa Wilaya, mwakeye. Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanakijiji wote mlioacha mashamba mkaja, mwakeye nyote, kwa salamu ya kwetu.

Sisi wanafunzi wa Shule ya Msingi Nyarugina, hapa kata ya Makere, tumefurahi kukuona, na tumefurahi zaidi kuona gari lako limefika likiwa zima. Barabara yetu tunaijua tabia yake. Kama umevaa tai nyekundu, usiwe na wasiwasi. Hapa wazee wanasema rangi nyekundu huita radi, walimu wanasema si kweli, na kamati ya shule ilijadili jambo hilo hadi jua likazama bila kukubaliana. Ndiyo maana kiti chako tumekiweka katikati ya wazee na walimu.

Umekuja kutuzindulia Mpango wa Usalama wa Shule kabla mvua za mwaka huu wa 2014 hazijashika kasi. Mpango wenyewe ni ile manila ya njano iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi. Majina yote pale yameandikwa kwa wino, isipokuwa moja, mbele ya maneno "Mpiga ngoma ya hatari". Hilo ni la Mwalimu Mwanaamina, na limeandikwa kwa penseli. Ombi lake la uhamisho wa kurudi kwao Tanga liko ofisini kwako, kwa hiyo Mwalimu Mkuu, Mwalimu Nicodemus, alisema wino tuuache kwanza. Tumeambiwa kwamba uhamisho wa walimu si jambo la wanafunzi, nasi hatuliingilii. Tunasimulia tu.

TULIKOTOKA

Mwalimu Mwanaamina aliripoti hapa mwaka 2012, siku ya mvua. Radi kwetu tunaiita inkuba, na huku milimani ni jirani asiyepiga hodi. Ngurumo ya kwanza ilipopiga, mwalimu mgeni aliingia chini ya meza ya ofisi na mkoba wake. Ya pili ilipopiga tukamsikia akisema, "Lahaula! Mbingu ya huku ina ugomvi na nani?" Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Alipotoka chini ya meza naye alicheka, akajifuta vumbi, akaomba karatasi ya kuandikia uhamisho.

Mwaka uliofuata Mwalimu Mkuu aliitisha kikao cha kuandika mpango wa usalama. Kipengele cha kwanza kilisema: wingu jeusi likionekana, kengele ipigwe haraka haraka, wote waingie madarasani. Kilisomwa vizuri, wazazi wakapiga makofi.

Mgeni rasmi, kengele yetu ilikuwa ringi ya lori lililoharibika hapa zamani, likiwa na mizigo ya kambi ya wakimbizi. Ilining'inia kwenye mkaratusi mrefu kuliko yote kijijini, na ilipigwa kwa kipande cha nondo. Ikilia polepole ni kipindi. Ikilia haraka haraka ni uji. Jambo hilo kila mtoto wa Nyarugina analijua kabla hajajua kuandika jina lake, ila kikao kizima kilikuwa kimelisahau.

Siku ya zoezi la kwanza wingu lilitanda, kengele ikalia haraka haraka, na shule nzima ikatoka nje na vikombe. Darasa la kwanza walipanga foleni safi sana chini ya mkaratusi. Mpishi wetu, Mzee Tharsisi, alikimbilia jikoni akidhani uji umeiva yeye akiwa amesinzia. Mwalimu Mkuu alisimama kwenye ngazi akipunga mikono, nasi tukampungia.

Wote tulikuwa tukicheka, isipokuwa Mwalimu Mwanaamina. Alikuwa akimtazama mwenzetu Haidari, aliyepiga kengele siku ile, akiwa bado na nondo mkononi.

"Yaani tukiiona radi inakuja," aliuliza, "tunamtuma mtoto wa watu akashike chuma chini ya mti?"

Kicheko kiliisha. Tangu siku ile yeye ndiye akawa mwalimu wa usalama. Alisema mtu mwoga ndiye anayefaa, kwa kuwa hawezi kujisahau.

MAFANIKIO

Mwalimu Mwanaamina alitaka sauti isiyo ya chuma na isiyo ya uji. Mzazi mmoja, Bwana Reverien, akatuletea ngoma kubwa ya mti na ngozi, ikawekwa ofisini. Hapo palizuka maneno, maana huku kwetu ngoma ya namna ile hushikwa na wanaume. Wazee wawili watatu walikuja kulalamika. Bwana Reverien aliwasikiliza, kisha akasema, "Wanaume wa shule hii wanafundisha jengo la kule chini. Wingu litawasubiri wapande?" Akampa mwalimu magongo ya kupigia, akamfundisha mdundo wa kuitana. Mwanzoni alipiga kama anayetwanga kisamvu, nasi tulimwambia hivyo. Baadaye akaweza.

Mwezi wa tatu mwaka huu alikuwa akitufundisha hesabu za sehemu ubaoni. Jua lilikuwa bado linawaka, ila upande wa Buhigwe palikuwa na wingu jeusi. Walimu wengine walisema lingepita mbali. Mwalimu Mwanaamina aliweka chaki chini akaenda kupiga ngoma. Darasa la pili, ambao husomea nje chini ya mkaratusi, waliingia kwetu mbio na madaftari kichwani, wakatubana kwenye madawati, wakalalamika kwamba hakuna hata tone la mvua. Walikuwa bado wanalalamika radi ilipoupiga mkaratusi.

Mti ulipasuka katikati. Ringi ya lori iliangukia mahali ambapo darasa la pili hukaa.

Ngoma haikunyamaza. Mwalimu Mwanaamina aliendelea kupiga huku mvua ikimwagika, mpaka Mwalimu Mkuu akamshika mikono. "Mwalimu, basi. Wameshaingia."

"Wote?"

"Wote."

Akaketi sakafuni akalia na kucheka kwa pamoja. Tulilia na kucheka naye, na siku ile hakuna aliyemtania.

Mafanikio mengine yapo. Jikoni kuna ndoo za mchanga, na Mzee Tharsisi hataki mtu aziguse hata kwa kuziangalia. Milango ya madarasa imegeuzwa ifungukie nje. Majumbani nako bibi zetu wameanza kuondoka mlangoni mvua inaponyesha, japo kwa manung'uniko. Na wale wazee waliolalamikia ngoma, siku hizi wakiisikia wanaingiza mbuzi.

CHANGAMOTO

Madarasa yetu yana bati na hayana kizuia radi, kwa hiyo tunapokimbilia ndani tunakimbilia pia kwenye kuomba Mungu. Darasa la pili bado wanasomea nje, sasa chini ya mti mwingine, mfupi kidogo. Sanduku la huduma ya kwanza tunalo, lakini ndani yake kuna mkasi na bandeji moja ambayo imefuliwa mara nyingi. Ngozi ya ngoma imeanza kulegea kwa sababu ya mazoezi, nasi mazoezi hatuwezi kuyaacha.

MAOMBI

Tunaomba kizuia radi. Tunaomba chumba kimoja cha darasa la pili. Matofali wazazi wameshafyatua, yapo nyuma yako. Tunaomba dawa za kujaza sanduku.

Mgeni rasmi, Mwalimu Mwanaamina aliisahihisha risala hii mpaka pale kwenye Changamoto. Sehemu hii hakuiona. Tunajua sasa hivi anatutazama kwa jicho gani, na adhabu tutaipokea kesho.

Juzi Mzee Tharsisi alimuuliza jikoni kuhusu uhamisho wake. Akajibu, "Mzee wangu, nimewasumbua wale watu wa ofisini mpaka wananijua kwa sauti. Leo niende niwaambie nimebadili mawazo? Watanicheka." Kisha akachukua kikombe cha uji, akasema, "Na nikiondoka, watoto hawa nani atawapigia?"

Tulikuwa dirishani. Mgeni rasmi, tunachoomba ni kwamba usimcheke.

Tukimaliza kusoma, ngoma italia kwa zoezi. Utaingia nasi darasa la tano, dawati la mbele, pembeni ya Haidari. Tunakuomba upite kwanza kwenye mlango wa ofisi. Lile jina la penseli bado linasomeka, na kalamu ya wino tumeifunga hapo kwa uzi.

Mungu akupe afya na akufikishe Kasulu mjini salama. Mawingu yakusubiri ufike, ndipo yatunyeshee mahindi yetu, taratibu, bila inkuba.

Ni sisi wako watiifu,
WANAFUNZI WA SHULE YA MSINGI NYARUGINA
Imesomwa kwa niaba yao na Generosa Stanislaus, darasa la sita