Njia ya Mto Haimo Kwenye Ramani

Wamama wenzangu, kabla ya kujenga, waulizeni wazee jina la mahali. Mwaka 1971 nilikuwa juu ya loli ya pamba, tunatoka Kasese kwenda Bwera, mtoto wangu mapajani. Martine, mama mchuuzi wa Butembo tuliyepanda naye, akakunjua ramani mpya kwa furaha mpaka upepo ukataka kumnyang'anya.

“Mzee, ona! Kiwanja yangu iko na jina mu ramani: Kambi Mpya! Kesho ninajenga!”

Mzee Maate, abiria mwenzetu ambaye hata hakumjua Martine, akainama kutazama. “Mama, hapo sisi tunaita Njia ya Mto. Mto ilihama, lakini njia ni yake. Itarudi.”

“Sasa mbona hawakuandika?”

“Watu wa ramani walitaka jina moja tu. Chifu akawapa ile tamu.”

“Basi mto nayo isome ramani!”

“Itasoma siku ya mvua, mama. Itasomea ndani ya nyumba yako.”

Tulicheka wote, Mungu anisamehe. Loli ikasimama Kinyamaseke. Martine akashusha mabati yake, bado anabisha, na watoto wake watatu wakamfuata kuelekea bondeni, kwenye kile kiwanja, wakiimba, “Kambi Mpya! Kambi Mpya!”