Waliokwenda Kutazama Machimbo ya Chunya

Nyuma ya soko la Kisarawe palikuwa na benchi ambapo Saburi aliuza kahawa kila alasiri. Mwaka ule wa hamsini na tatu wateja wake wasiokosa walikuwa wawili: Jumbe, aliyeitwa Ramani kwa kuwa alipigana Burma na alidai anazijua barabara zote, na Mwinyijuma fundi cherehani, aliyeitwa Kanzu Mbili kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona na ya tatu. Walibishana jambo moja tu: Mwinyimadi, mdogo wake Saburi, yuko wapi?

Mwinyimadi alikuwa dereva. Wazungu fulani wa Dar es Salaam walimchukua aendeshe Landrova ya mbele katika msafara wa magari matatu, wapite milimani hadi Mbeya, kisha washuke Chunya kutazama miji ya dhahabu iliyokwisha hamwa. Hawakuwa na mzigo wala biashara, walikwenda kutembea tu. Walisema wiki tatu. Sasa ilikuwa ya tisa.

Siku hiyo Ramani alianza kwa kusema magari yamekwama kwenye tope la masika. Kanzu Mbili akamwuliza ni tope gani hilo la wiki sita. Ramani akahamia dai jingine.

— Basi kapata dhahabu. Ile haikuisha, bwana, wazungu waliichoka tu.

— Dhahabu wapi. Kaoa huyo.

— Kaoa, na mchumba anaye hapa?

— Kwani atakuwa wa kwanza?

Kufika kikombe cha tatu, Mwinyimadi alikuwa keshavuka Rhodesia, ana nyumba ya bati na madereva wanne chini yake. Saburi aliwajazia vikombe. Aliupenda uongo ule kuliko wenyewe walioutunga, maana kila ulipokua, mdogo wake alizidi kuwa hai.

Kulikuwa na jambo ambalo wote watatu walilikumbuka na hakuna aliyelitaja. Hapohapo kwenye benchi Mwinyimadi alisema kazi ile ataikataa, barabara za milimani hazijui. Saburi ndiye aliyecheka, akamwuliza mbele za watu ni dereva gani anayeogopa kilima. Kesho yake kijana akaondoka bila kumuaga.

Mara akaja mtu mwenye kaptula ya kaki, akaamkia, akamwulizia Saburi. Alikuwa Matano wa Mlandizi, dereva wa gari la nyuma. Alikataa kahawa. Akaeleza kwamba kwenye mteremko wa Chunya mvua ilikuwa imekula ukingo wa barabara, na gari la mbele likaanza kuteleza. Mwinyimadi akawaambia abiria wake waruke, akabaki ameshika usukani hadi wote walipotoka. Gari likaporomoka naye.

— Waliniweka Mbeya na magari mpaka wiki hii, akasema Matano. — Walisema barua wangeleta wao.

Barua haikufika. Ramani alivua kofia.

Hawakuwa wamemwona Mwanaamina, mama yake Saburi, aliyesikia kwamba mgeni kaja kutoka safari ile. Wanawake hawakuwa na desturi ya kufika kijiweni. Alisimama nyuma yao, kashika ncha ya kanga yake.

— Nani alimwosha mwanangu?

Matano aliinama. Walimwacha kwa watu wa Chunya, walioahidi kumzika, na saa nane msafara ukaamriwa kuendelea. Zaidi ya hapo hakujua. Hakuna aliyejua pale, na swali likabaki hivyohivyo mpaka Saburi akamwaga makaa ya jiko lake la kahawa na kumwambia mama yake kwamba atakwenda kuuliza.

Alitembea hadi Kibaha, akadandia lori la Morogoro. Huko Chunya alionyeshwa kaburi kando ya mashimo ya zamani, likiwa na vijiti viwili. Alipouliza nani alimwosha maiti, kila mtu alimtaja mwenzake, na mwenzake akamtaja mwingine.

Aliporudi, mama yake alikuwa mlangoni. Saburi akamwambia alioshwa vizuri, kwa maji ya moto, na mzee mmoja mcha Mungu. Mwanaamina akauliza jina la mzee huyo ili amwombee.

— Salumu, akasema Saburi. Ndilo lililomjia.

Tangu siku hiyo, kila baada ya sala, alimsikia mama yake kupitia ukuta wa udongo akimwombea Salumu umri mrefu.