Neno la Mgeni wa Sirili

Nilishampigia Sirili makofi ndipo nikaona kumbe amekasirika. Alikuwa ameleta simu kijiweni kwetu, Marangu Mtoni, nimsomee alivyoandikwa na mgeni ambaye yeye Sirili, kama kazi yake ilivyo, alimwongoza mlimani siku sita. Mimi ndiye Pasipoti. Nimekula chumvi ya Durban na Maputo, Kiingereza kikinishinda nitaficha wapi uso? Nikaona ameitwa humdrum; na drum si ngoma? Nikatangaza mpaka ng'ambo ya barabara: "Hongera! Mzungu anasema wewe ni ngoma!"

— Ngoma gani, Pasipoti? Kwa neno hilohilo bosi kanifuta safari ya Jumatatu! Kasema maana yake nimepooza, nachosha watu!

Jovin, fundi pikipiki tunayemwita Spana, akarukia.

— Drum si pipa? Basi kakuita pipa tupu, kaka.

— Spana, nitakumwagia hii kahawa!

— Si mimi, ni historia! Mapipa yenyewe, yameandikwa humdrum, yalishushwa bandarini Tanga.

— Uongo, nikadakia, nikitafuta pa kufukia aibu yangu. Ni jina la mtu. Bwana Humdrum, karani wa bandari. Alihutubia mpaka meli ikang'oa nanga, abiria wamelala gatini.

— Ulimwona?

— Nilionyeshwa kaburi.

— Mnacheka! Mimi natafutiwa njaa, nyie mnacheka!

— Kosa lako, akasema Spana, hukumchangamsha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe, kule kwenye barafu?

Mwalimu Flavia, mstaafu, alikuwa amesimama kununua kashata. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akaivuta ile simu.

— Kamusi inasema huenda limetoka kwenye hum, yaani mvumo, kama wa nyuki. Hiyo drum imefuatishwa kwa mlio tu. Maana yake ni jambo lilelile, lilelile. Sasa Sirili, siku sita ulikuwa unamwambia nini huyo mgeni?

— Polepole. Kunywa maji. Kichwa kinauma? Umekula? Kila saa, mwalimu.

— Hayo tu? Spana akaguna. Mwenzako Tito anaimba, anawakimbiza, anawachekesha. Wageni wanamsifu mpaka basi!

Sirili akaweka kikombe chini.

— Wangu kashuka kwa miguu yake. Wa Tito, mwaka jana, tulimshusha kwa machela, kafunikwa uso.