Kisima Kinachojisafisha Chenyewe

Nyuma ya jengo la sayansi, kati ya mlango wa chumba cha fotokopi na ngazi za nje, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja umeinuliwa kwa ripoti ya mwaka iliyokunjwa mara nne. Hapo Mama Birika huuza kahawa, na hapo, kuanzia saa nne mpaka saa tano, walimu watatu hukiendesha chuo kizima kwa mdomo. Kushoto hukaa Zege wa uhandisi, mzito wa mwili na wa maneno. Kulia hukaa Profesa Nusu wa historia, aliyebatizwa hivyo na wanafunzi kwa kuwa huu ni mwaka wake wa kumi na moja wa uprofesa mshiriki, na ule uprofesa kamili bado uko njiani. Katikati hukaa Bi Koma wa baiolojia, ambaye hakuna sentensi ya mwanafunzi iliyowahi kupita mbele yake bila kuongezewa koma. Asubuhi hiyo alikuwa amepakata mkoba, na ndani ya mkoba mlikuwa na fomu ya ukurasa mmoja iliyotakiwa kutiwa saini kabla ya saa sita. Alikuwa hajaitia.

— Bi Koma, wifi yako sasa ndo mama wa chuo kizima, alianza Zege. Jana kaingia kwetu uhandisi, kagonga mlango mmoja baada ya mwingine. Hata stoo kagonga.

— Nani alimfungulia stoo?

— Mimi. Nilikuwa nimejificha.

Wifi huyo, dada wa mume wa Bi Koma, alifundisha afya ya jamii ghorofa ya tatu ya jengo hilohilo. Kwa miezi mitatu alikuwa akipita idara kwa idara kuwakusanya walimu, ili mwanafunzi wa uzamivu asiachwe tena mikononi mwa msimamizi mmoja. Kila mmoja awe na jopo la walimu watatu wa idara tofauti, na walimu wenyewe wakae pamoja kila mwezi wafundishane kusimamia. Kikao cha kwanza kilikuwa siku hiyo, saa nane.

— Mimi kanialika kwa barua pepe, alisema Nusu. Nimeifuta.

— Na tai ya nini leo?

— Mashati mengine yamefuliwa.

— Tai haihusiani na mashati, Profesa.

— Na hiyo karatasi mfukoni mwako, Zege? Si ndiyo ajenda ya kikao?

Zege alikisukuma kikaratasi ndani zaidi kwa kidole gumba.

— Nilichapisha ili niipinge vizuri.

Mama Birika aliwamiminia. Bi Koma alipokea kikombe, akakishika bila kunywa.

— Na wewe mwenzetu alikualika vipi? Nusu alimuuliza. Ndugu yako wa damu ya mumeo, si alianza na wewe?

— Hakunialika, alisema Bi Koma.

Ulikuwa uongo, tena mkavu. Wifi alikuja nyumbani kwake kabla hajamwendea mtu mwingine yeyote, akasimama jikoni, akachukua kisu akamsaidia kumenya vitunguu, akasema: “Wifi, nina wazo, lakini peke yangu siliwezi. Tulifanye wawili.” Bi Koma akajibu, “Tutaona,” kwa ile sauti ambayo ndani ya familia ina maana ya hapana. Sasa mama mkwe, kila Jumapili, hana habari nyingine. “Mwanangu anaunganisha chuo,” husema, kisha humgeukia Bi Koma kwa upole unaochoma kuliko tusi: “Na wewe mkwe wangu, bado uko na vile vijidudu vyako?”

— Basi kakudharau, Zege alihukumu. Mimi nawaambia, huyu anautaka ukuu wa kitivo.

— Ukuu wa kitivo? Nusu alicheka kwa pua. Mambo madogo hayo. Anataka kufuta idara. Zikishafutwa, sote tutawekwa ukumbi mmoja. Mhandisi huku, mwanahistoria huku, katikati vyura wa maabara.

— Haki ya Mungu, na kiti kimoja cha zamu!

— Wanafunzi ndio watakaotusahihisha sisi. Msimamizi akipata chini ya hamsini, anarudia mwaka.

— Hilo si kitu, alisema Zege, sauti imeshuka. Nimesikia watatoa tasnifu zetu wenyewe maktaba. Zisomwe. Kwa sauti. Mbele za watu.

Nusu alilegeza tai.

— Zote?

— Kutoka ukurasa wa kwanza.

— Hata viambatisho?

— Mimi yangu ina daraja limebandikwa miguu juu, alikiri Zege. Kurasa nne nzima nalielezea. Watahini watano walipita, hakuna aliyegundua.

Mama Birika alicheka mpaka akaweka birika chini. Bi Koma hakucheka. Neno “hakuna aliyegundua” lilimhusu yeye.

Maana tasnifu ya mwanafunzi wake, mmoja tu aliyekuwa naye, ilihusu kisima cha pampu kilicho ng’ambo ya uwanja wa michezo. Binti huyo alichota sampuli kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi kwa miaka mitatu, na kila mara vijidudu vilikuwa vichache mno kuliko visima vya jirani. Bi Koma ndiye aliyemwambia hiyo ni hazina. Wakaandika sura nzima, ya nne, juu ya kisima kinachojisafisha chenyewe. Bi Koma akaisoma mbele ya mkutano, watu wakasimama kupiga makofi, mume wake akiwa safu ya pili. Ndipo mwezi uliopita mvua ikamchelewesha mwanafunzi wa wifi, naye akafika kisimani Jumatatu badala ya Jumapili, amebeba ndoo ya dawa ya maji, akamkuta binti anachota sampuli. Alikuwa akiitia mle kila mwezi, Jumapili ya kuamkia Jumatatu ya kwanza. Kwa miaka mitatu. Ghorofa mbili kati ya ofisi na ofisi, mmoja anatia dawa, mwingine anashangaa muujiza.

Kipimo cha dawa kilikuwepo idara ya kemia, mlango wa pili kutoka maabara ya Bi Koma. Hakuwahi kukiazima. Watu wa kemia na yeye walikuwa hawasalimiani tangu ugomvi wa friji.

— Lakini yule binti yako, Zege alisema, nimemwona na wifi yako jana ngazini. Wanacheka. Kamwita mama.

— Kamwitaje?

— Mama. “Asante, mama.” Nimesikia kwa masikio yangu.

Bi Koma alihisi kahawa imekuwa moto ghafla mkononi.

— Anaita kila mtu hivyo, alisema.

— Mimi haniiti, alidakia Mama Birika. Mimi ananiita dada.

— Usimwachie, Bi Koma! Zege alipiga goti lake. Miaka mitatu umemlea, umemtilia koma, leo achukuliwe na jopo? Fomu ya kumhamishia kwenye jopo isipotiwa saini, anabaki kwako. Sheria ndiyo hiyo.

— Atabaki na sura ya nne ambayo haina kichwa wala miguu, alisema Bi Koma polepole.

— Sura si inafutwa tu? Aanze nyingine.

— Kwa miaka mingine mitatu?

— Kwani anakimbilia wapi?

Hapo alifika msichana mmoja kutoka upande wa fotokopi, amekumbatia faili jipya la plastiki, kalamu imechomekwa sikioni kama fundi seremala. Aliwaamkia wote watatu, kisha akamwamkia na Mama Birika, jambo ambalo wageni husahau.

— Samahani walimu wangu. Nataka kuomba nafasi ya uzamivu. Nimeambiwa hapa ndipo penye habari zote.

— Umefika, binti, alisema Zege, akijitanua. Uliza chochote.

— Naomba kujua, nani alimaliza hapa mara ya mwisho? Nikamwone nimuulize ilimchukua muda gani.

— Hilo jepesi, alisema Nusu. Yule wetu wa kumbukumbu za reli.

— Si aliacha akaenda kuuza bima? alisema Zege.

— Aliacha? Basi nyie yule wa madaraja.

— Alihamia chuo kingine. Tena aliondoka hata kuaga hakuaga. Baiolojia lazima wawe na mtu. Bi Koma?

Bi Koma alifungua mdomo. Alianza na mwaka huu, akaenda mwaka jana, akarudi nyuma mmojammoja kama mtu anayeshuka ngazi gizani akitafuta ardhi kwa unyayo. Aliona nyuso, hakuona majoho. Msichana alisubiri kwa adabu, faili kifuani. Kwenye chumba cha fotokopi mashine ilimaliza kazi yake ikanyamaza, na hata Mama Birika aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, kama anayengoja vikombe virudishwe.

— Au niulize idara nyingine? alisema msichana.

Zege alitazama viatu vyake.

Bi Koma alifungua mkoba.

— Nipe hiyo kalamu.

Alitandika fomu juu ya mkoba, akatia saini pale penye msimamizi, akaandika tarehe. Kwenye nafasi ya maelezo alisita, kisha akaandika kwa mkono wake mzuri: *Sura ya nne ina kosa. Kosa ni langu, si la mwanafunzi.* Roho ilikuwa bado inamuuma. Ilimuuma hata alipokuwa akiupuliza wino ukauke.

— Ghorofa ya tatu, alimwambia msichana. Mlango wenye watu wengi. Mpe fomu hii mwalimu utakayemkuta mezani, na hilo swali lako mwulize vilevile ulivyotuuliza sisi.

— Nimwambie nimetumwa na nani?

Zege na Nusu walimgeukia kwa pamoja.

— Mwambie wifi yake, alisema Bi Koma. Halafu akaona limetoka kilaini mno, akamwita msichana ambaye tayari alikuwa amekanyaga ngazi ya kwanza: Na mwambie saa nane nakuja. Aniwekee kiti. Ila asiniweke karibu na yeye.