Wati Elfu Mbili za Kumuona Mama

Benchi letu la Junda liko chini ya dirisha la Abdulghani, na mimi Ruwa nauza kahawa hapo kila siku baada ya asri. Nasema nauza, lakini wateja wangu ni watu wa kunywa kikombe kimoja na kutoa maneno ya kujaza madele matatu ya kahawa. Wiki hiyo walikuwa na hoja moja tu: kompyuta iliyokuwa ikivuma ndani, nyuma ya pazia, juu ya vichwa vyetu. Jalila, binti pekee wa Abdulghani, alikuwa aolewe Ijumaa, na alimuomba babake kitu kimoja kabla ya kutoka nyumbani. Alitaka kumuona mamake. Mamake alikufa siku ya kumzaa, na nyumba ya wazazi wake iliungua na picha zake zote. Kilichobaki ni kanda moja ya video, ya kupamba, ile sherehe ya wanawake peke yao ya kumpamba bibi harusi, iliyopigwa mama akiwa miongoni mwa wageni, na mimba ya miezi saba. Kanda nayo imeliwa na ukungu, nyuso zote zimekuwa chenga. Ndipo Phineas, fundi wa kompyuta wa mtaa, akaunda mashine yenye kadi tatu za grafiki, izisafishe zile chenga picha moja moja huku kanda ikicheza.

Mashine ilisafisha vizuri mpaka dakika ya kumi na moja. Hapo mama Jalila, aliyekaa kaipa kamera mgongo, huanza kugeuka. Bega lageuka, kipuli chaonekana, halafu kompyuta nzima yazima. Ilikuwa imezima mara saba.

— Ni pawasaplai, kile kisanduku cha kuipa umeme, alisema Phineas. Yeye ni mtu wa bara, na kahawa yangu huiita chai nyeusi, jambo ambalo sijamsamehe. Hesabu ndiyo hii, wazee, akaendelea. Kila kadi inakula wati mia tatu. Zote tatu, mia tisa. Hizo vitu zingine za ndani, mia mbili. Jumla elfu moja na mia moja. Na saplai yangu ni ya elfu moja na mia mbili.

— Basi zabaki mia. Wataka nini tena?

Huyo ni Thoya. Twamuita Fyuzi, kwa sababu alifanya kazi ya umeme Kipevu miaka thelathini na hakuna taa ya mtu itakayozima asimfunze sababu.

— Zinabaki kwa karatasi, mzee. Kadi haili pole pole. Kuna wakati inaruka, kitambo kidogo tu, inataka mara mbili. Zikiruka zote pamoja, saplai inajikata isiungue. Nataka ya elfu mbili.

— Na mbona ziruke dakika ya kumi na moja pekee?

— Hapo taa za ukumbi zimewashwa, sura ni nyingi. Kazi inazidi.

— Elfu mbili kwa nyaya za nyumba hii? Soketi itayeyuka hiyo. Tia saplai mbili ndogo, kila moja na soketi yake.

— Moja ikichelewa kuwaka, kadi zinaungua. Mimi siwezi cheza hivyo.

Abdulghani alikuwa kakaa ncha ya benchi, kofia mkononi. Kikombe chake kilikuwa kimepoa na sikuwa na moyo wa kumtania.

— Leo Jumatano, alisema. Kuna ajenti wa bandarini anayo hiyo ya elfu mbili, yuangoja simu yangu. Nimwambie ailete, ama asiilete? Nipeni neno moja tu. Nimemuahidi mwanangu.

— Usiharakishe, Fyuzi akamwambia. Labda ni umeme wa mtaa. Saa hizi kila nyumba yapiga pasi, nguvu yapungua.

— Nimejaribu alfajiri, alisema Phineas. Nimejaribu saa sita ya usiku. Inazima palepale.

— Basi hiyo saplai ishazoea. Kuna vyombo hukariri. Nilijua swichi moja Kipevu, ilijikata siku moja mtu akipiga chafya, na tangu hapo ukipiga chafya, yajikata.

Nilicheka peke yangu. Phineas alikuwa akitazama chini.

— Ruka hicho kipande, nikamwambia, maana nami nina akili ingawa nauza kahawa. Anzia dakika ya kumi na mbili.

— Nimeanzia kumi na mbili. Huko mbele anageuka tena, na akigeuka tu, inazima.

— Punguza kadi, alisema Fyuzi.

Phineas alizungusha kikombe, akanywa kilichobaki na machicha yake.

— Jana nilichomoa mbili, akasema. Ikabaki moja. Yote pamoja haifiki hata wati mia sita, na saplai ni ya elfu moja mia mbili. Wallahi, na mimi si Muislamu, ilizima akigeuza bega.

Hapo nikalisogeza dele langu mbali na dirisha.

— Sasa elfu mbili wazitakia nini? Abdulghani alimuuliza kwa upole.

— Sijui kitu ingine ya kutaka, baba Jalila.

— Mie nasema hivi, Fyuzi alishusha sauti. Haikatwi na saplai. Yakatwa kutoka upande wa pili.

— Upande gani?

— Upande wa kanda.

Nilimwambia anyamaze ama kahawa yangu hataiona tena. Na hapo ndipo Bi Mwanatatu alipotokea kwenye kona ya nyumba, na begi lake la kamera begani. Huyu mama amepiga video za kupamba Kisauni nzima kwa miaka thelathini, na Jalila alikuwa amemuita kwa ajili ya sherehe yake.

— Shikamoo, Bi Mwanatatu, tukasema sote.

— Marahaba. Mbona nyuso hizo?

Abdulghani akamweleza yote, tangu kanda mpaka wati. Bi Mwanatatu alisikiza amesimama.

— Kanda hiyo niliipiga mimi, akasema. Niliwaapia wale wanawake kwamba haitaonwa na mwanamume. Hebu nambieni. Ikizima, chumbani muna nani?

Phineas alitazama viatu vyake. Abdulghani alivaa kofia, akaivua tena.

— Mimi na fundi, alisema.

— Na Jalila je?

— Tulimwambia angoje. Tulitaka kumuita ikishatengenea.

Bi Mwanatatu hakumkaripia, na ingekuwa afadhali angemkaripia. Aliingia ndani, akamuita Jalila, mlango ukafungwa. Dirishani pazia likavutwa. Tukasikia mafeni ya kompyuta yanaanza, yale yale, kwa saplai ile ile.

Phineas alishika saa ya simu mkononi. Hakuna aliyeomba kahawa. Dakika ya tisa, ngoma na vigelegele vikatoka vimefifia. Ya kumi. Ya kumi na moja, na sisi wanaume wazima tumeinua shingo kama kuku. Mafeni yakapanda sauti, yakapanda zaidi.

— Haijazima, alisema Phineas.

Ya kumi na mbili ikapita. Abdulghani alikuwa akilia bila kujificha, na mimi nilifurahi kwa ajili yake, nikidhani mambo yamekwisha.

Pazia likafunguka. Jalila alisimama dirishani, mashavu yamelowa.

— Baba, nilipewa jina lini?

— Siku ya saba.

— Na nani?

— Mimi. Mamako tulikuwa tushamzika. Lilinijia njiani, natoka makaburini. Sikuwahi kulitaja kabla.

— Amegeuka, akatazama moja kwa moja, akaniita. Jalila. Mara mbili. Bi Mwanatatu pia amesikia. Alilijua vipi, baba?

Fyuzi, mwenye sababu ya kila kitu, aliweka kikombe chini. Huku kwetu mtoto hufunzwa mapema kwamba sauti ya maiti ikikuita, usiitike, maana anayeitika hufuata. Abdulghani alisimama akashika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

— Uliitika?

— Niliitika, nikasema abee. Ni mamangu, baba. Ningemnyamazia vipi?