Kengele ya Zsombor: Kumuaga Mama Borbála Kelemen

Tarehe 31 Oktoba, Mama Borbála Kelemen anavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na minane ya kupima masikio ya watoto wa mji wetu wa Szentágota. Wenzake wameniomba niandike mimi, kwa kuwa kila Jumamosi nawatafsiria wazazi Kihungari na Kiromania hapa kliniki. Kusema mbele ya watu siwezi, kuandika nitajitahidi.

Alianza kazi na njuga mbili na kijiko cha chai. Hadi leo husimama nyuma ya mtoto na kuzipiga, na mzazi huambiwa ageukie ukuta, maana mtoto mjanja husoma uso wa mama yake, akaonekana kama anasikia. Baba mmoja alinung'unika kwamba amewekwa kona kama mtukutu wa darasa la kwanza. Akajibiwa kwamba kona hiyo imewafundisha wengi.

Mdogo wangu Zsombor alizaliwa na hali ya Down, ambayo huchelewesha ukuaji na kujifunza. Alipokuwa na miaka mitatu, malaika wa Krismasi, ambaye kwetu ndiye huleta mti na zawadi, alipopiga kengele sebuleni kutuita, sisi tuliukimbilia mti. Yeye alibaki jikoni akichezea maganda ya jozi. Wakubwa wakacheka, wakisema huyu hana tamaa ya zawadi. Mimi nilijua hakusikia. Nikanyamaza, na hadi leo naona haya.

Daktari wa kliniki hii naye hakumpima. Alimwambia mama yetu, "Watoto wa namna hii huchelewa kusema. Mvumilie tu." Mwaka mzima ukapotea hivyo. Mama Borbála alipoiona barua ya daktari huyo, aliibeba hadi ofisini kwa daktari mwenyewe, mlango wazi, foleni nzima ikisikia.

"Daktari, mtoto huyu hajapimwa. Ametazamwa sura tu."

Alipimwa siku ileile. Nyuma ya viwambo vya masikio kulikuwa na majimaji mazito kama asali. Akawekewa vibomba viwili vidogo vya kuyatoa. Hasira yangu haijapoa. Wangapi wameitwa wazito, kumbe wamezibwa masikio? Kwa ugomvi wa Mama Borbála, kila mtoto mwenye Down hapa sasa hupimwa kila miezi sita. Atakayerithi kiti chake asithubutu kuibandua ukutani ratiba ya vipimo hivyo.

Krismasi iliyofuata kengele ililia. Zsombor alifika mlangoni wa kwanza, akitusukuma.

Asante, Mama Borbála. Upumzike na afya yako, na miplamu ya bustanini mwako izae. Kengele yetu tunaileta kwenye sherehe. Zsombor ndiye atakayeipiga, na safari hii atakayegeuzwa atazame ukuta ni wewe.